Dalali wa Mkopo wa Nyumba: Lini Anafaa na Lini Hafai



Kila msimu wa mavuno ukimalizika huja maswali ya fedha, na moja linalotufikia mara kwa mara ni hili: kijana yuko Uingereza, anafanya kazi, anataka kununua nyumba, naye ameambiwa kuwa yuko dalali atakayemtafutia mkopo. Je, amtumie dalali huyo au aende benki mwenyewe? Mzazi anauliza kwa haki, maana mara nyingi yeye ndiye atakayesaidia fedha za kutangulizia, na fedha hizo zimetoka mtini kwa jasho la watu wa nyumba nzima. Wako na wengine wanaouliza kwa sababu wao wenyewe wanafikiri kununua nyumba hapa mjini, na madalali wamewazunguka.

Makala haya yamekusudiwa kuwajibu wote wawili. Tutaeleza kazi ya dalali wa mkopo, anavyolipwa, nani atapata faida kwake na nani hana haja naye. Twamwomba mwanachama ayasome polepole, na kama anaye kijana ng'ambo, amsomee au ampelekee.

RAHANI SI JAMBO GENI KWETU

Mkopo wa nyumba kwa jina lake la zamani ni rahani. Mtu anakopa fedha, na nyumba ile ile anayoinunua inakaa kuwa amana ya deni. Akilipa mpaka mwisho, nyumba ni yake safi. Akishindwa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza ili apate chake.

Wazee wetu waliijua rahani vizuri, khasa kwa sura ya bei khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu alikuwa "akiuza" shamba lake kwa mwenye fedha, kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa, shamba linarudi. Huku nyuma alibaki shambani akilipa kodi ya shamba lililokuwa lake jana. Bei ya karafuu ilipoanguka, muda ulifika na fedha hazikupatikana. Mambo yalizidi mpaka katika mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa sababu ya madeni, na katika mwaka 1938 ikatunga nyingine ya kusuluhisha madeni yenyewe.

Twayakumbusha haya kwa sababu moja.  Mtu asitie sahihi bila ya kufahamu masharti yote, wala asimtegemee mtu wa kati bila ya kujua analipwa na nani. Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa makala haya.

MADALALI WAWILI NA WAKILI MMOJA

Kijana anayenunua nyumba Uingereza atakutana na watu watatu, na yafaa asiwachanganye.

Wa kwanza ni dalali wa nyumba. Huyu ameajiriwa na muuzaji na analipwa na muuzaji. Kazi yake ni kumpatia muuzaji bei nzuri. Anaweza kuwa mtu mwema na mwenye adabu, lakini si mtu wa mnunuzi.

Wa pili ni dalali wa mkopo, ambaye ndiye tunayemzungumza. Huyu hauzi nyumba wala hatoi fedha zake. Anasimama baina ya mnunuzi na benki, na kazi yake ni kumtafutia mnunuzi mkopo unaomfaa na kumpeleka mpaka upatikane.

Wa tatu ni wakili, anayeangalia hati za nyumba na kupitisha fedha. Huyu mnunuzi hana budi kuwa naye, na benki nayo itamtaka.

Mara nyingi dalali wa nyumba huwa na dalali wake wa mkopo ofisini mwake, naye humwambia mnunuzi amtumie huyo. Mnunuzi anaweza kukubali au kukataa. Sheria za Uingereza hazimruhusu dalali wa nyumba kumbagua mnunuzi kwa kuwa amekataa kuchukua mkopo kupitia kwake. Akiambiwa kwamba bila ya kufanya hivyo ombi lake la kununua halitapelekwa kwa mwenye nyumba, basi huyo amevuka mpaka. Na hata pasipo vitisho, mnunuzi akumbuke kwamba mtu anayemwonyesha mapato yake yote na kiasi cha juu anachoweza kukopa, anakaa meza moja na mtu wa muuzaji.

DALALI WA MKOPO HUFANYA KAZI GANI

Uingereza wakopeshaji wa nyumba ni wengi sana. Yako mabenki makubwa, mabenki madogo, na jumuiya za kujengea nyumba ambazo ni mali ya wanachama wake. Kila mmoja ana masharti yake. Mmoja anamkubali mwenye biashara yake binafsi akileta hesabu za mwaka mmoja, mwengine anataka miaka miwili au zaidi. Mmoja anahesabu malipo ya kazi za ziada, mwengine anahesabu nusu tu. Mmoja hamkopeshi mtu ambaye kibali chake cha kukaa nchini kimebakisha muda mfupi, mwengine humkopesha akiwa ametanguliza fedha nyingi zaidi.

Masharti haya hayaandikwi yote mlangoni. Mtu akipeleka ombi kwa mkopeshaji asiyemfaa, atakataliwa, na tena alama ya ombi lile inabaki katika daftari la madeni yake, ambalo wakopeshaji wengine hulitazama. Maombi mengi katika muda mfupi humfanya mtu aonekane ana shida. Dalali mzuri anajua tangu mwanzo mlango upi utafunguka na upi hautafunguka, na hii ndiyo thamani yake kubwa kuliko zote.

Pamoja na hayo, dalali hukusanya karatasi, hujaza fomu, hufuatilia benki inapokawia, na humweleza mkopaji masharti kwa lugha anayoifahamu. Kwa mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana, msaada huo si mdogo.

Lakini si madalali wote wanaotazama soko zima. Wako wanaofanya kazi na mkopeshaji mmoja tu, wako wenye orodha ya wakopeshaji wachache, na wako wanaotazama soko karibu lote. Na hata hawa wa mwisho hawafiki kila mahali, kwani wako wakopeshaji wasiopokea maombi kupitia kwa dalali. Kwa upande wa pili, wako wakopeshaji ambao hawapokei mtu isipokuwa apitie kwa dalali. Kwa hivyo anayesema "mimi nimekutazamia kila kitu" ama hajui ama anapita mpaka.

DALALI HULIPWA NA NANI

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mwanachama anapaswa kumfundisha kijana wake kuliuliza.

Dalali wa mkopo Uingereza hupata fedha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni udalali unaotoka kwa mkopeshaji baada ya mkopo kupatikana. Huu huwa ni sehemu ndogo ya mkopo, chini ya moja kwa mia. Tuchukue mfano wa 0.4 kwa mia: mkopo ukiwa pauni 200,000, dalali atapata pauni 800 kutoka benki. Njia ya pili ni ada anayolipa mkopaji mwenyewe. Madalali wengine hawatozi ada yoyote, wengine hutoza pauni mia kadhaa, na wengine hutoza kwa kila mia ya mkopo, jambo ambalo kwenye mkopo mkubwa huwa fedha nyingi. Wako wengi wanaochukua kotekote, kwa benki na kwa mkopaji.

Anayesema kazi yake ni bure, basi kazi hiyo si bure. Imelipwa na mkopeshaji. Kulipwa na mkopeshaji si kosa, maadamu amesema wazi. Kosa ni kuficha. Kanuni za Uingereza zinamlazimu dalali kumwambia mteja mapema kama atatoza ada, kiasi gani, na kama anapata udalali kutoka kwa mkopeshaji.

Pia dalali hupata udalali kwa kuuza bima, kama bima ya maisha na bima ya nyumba. Bima ya jengo benki itaitaka kwa kawaida, lakini mkopaji anaweza kuinunua popote. Asikubali kuambiwa kuwa bima ya dalali ndiyo pekee itakayofanya mkopo upite.

TUFANYE HESABU

Maneno matupu hayamsaidii mtu mwenye fedha zake. Tuchukue mkopo wa pauni 200,000 kwa miaka 25. Kijana amekwenda benki yake mwenyewe, na benki imempa mkopo kwa 5 kwa mia. Malipo ya kila mwezi yatakuwa kama pauni 1,169. Dalali amemtafutia mkopeshaji mwengine anayetoza 4.7 kwa mia. Malipo yatakuwa kama pauni 1,134. Tofauti ni karibu pauni 35 kwa mwezi, yaani kiasi cha pauni 416 kwa mwaka.

Mikopo mingi ya Uingereza huwa na kiwango kilichofungwa kwa miaka miwili au mitano tu. Tuseme huu umefungwa miaka miwili. Katika miaka hiyo kijana ameokoa kama pauni 832. Akiwa amemlipa dalali ada ya pauni 500, bado amebaki na pauni 332. Hapo dalali amefaa.

Sasa tuchukue mkopo mdogo wa pauni 60,000 kwa masharti yale yale. Tofauti haitazidi pauni 10 na ushei kwa mwezi, yaani kama pauni 250 kwa miaka miwili. Akimlipa dalali pauni 500, amepata khasara ya pauni 250, ijapokuwa kiwango ni kidogo zaidi. Kwa hivyo kiwango peke yake hakitoshi kumwambia mtu nini cha kufanya. Sharti aweke pamoja kiwango, ada ya dalali, ada ya benki, na muda.

Jambo jengine: madalali wengine humwambia mkopaji, "Usijali, ada tutaitia ndani ya mkopo." Pauni 500 zikitiwa ndani ya mkopo wa miaka 25 kwa 5 kwa mia, mtu atakuwa amelipa karibu pauni 877 mpaka mwisho. Kama fedha zipo, ni kheri kulipa taslimu.

Na tusisahau mwisho wa muda uliofungwa. Muda ukimalizika na mtu hakufanya lolote, mkopo kwa kawaida huingia katika kiwango cha kawaida cha mkopeshaji, ambacho mara nyingi ni kikubwa zaidi. Kabla ya Desemba 2021, kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza kilikuwa 0.1 kwa mia. Ilipofika Agosti 2023 kilikuwa 5.25 kwa mia. Mkopo wa pauni 200,000 wa miaka 25 kwa 2 kwa mia hulipiwa kama pauni 848 kwa mwezi, na kwa 5 kwa mia pauni 1,169. Kila anayekopa ajiulize: malipo yakipanda hivyo, nyumba yangu itasimama? Dalali mwaminifu atauliza swali hilo hata kabla ya mteja. Dalali anayeangalia udalali wake tu atasema, "Wakati huo tutaona."

NANI ATAFAIDIKA, NA NANI HANA HAJA

Dalali anafaa zaidi kwa watu wa namna hii:

1. Mtu ambaye mapato yake hayaji sawasawa kila mwezi, kama dereva wa teksi anayejitegemea, fundi, au mwenye duka. Sisi wakulima wa karafuu twalifahamu jambo hili, maana mwaka mmoja mti hujaa na mwaka mwengine hutoa majani. Mkopeshaji anayezoea mshahara wa mwezi humwogopa mtu kama huyu, na dalali anajua ni nani asiyeogopa.

2. Mtu aliyehamia Uingereza karibuni, ambaye daftari lake la madeni ni tupu au kibali chake cha kukaa kina muda maalum.

3. Mtu aliyewahi kuchelewa kulipa madeni na sasa ametengeneza mambo yake.

4. Mtu ambaye nyumba anayonunua si ya kawaida, kama ghorofa juu ya duka, au nyumba ambayo miaka ya hati yake ya kupangisha imebaki michache.

5. Mtu ambaye hana nafasi ya kuzunguka, au Kiingereza cha mikataba kinamlemea.

Mwenye mshahara wa kawaida, kazi ya kudumu, daftari safi, fedha nzuri za kutangulizia, na nafasi ya kutafuta mwenyewe, huyo anaweza kufanya kazi hiyo bila ya dalali. Aulize benki yake na wengine wawili watatu, kisha alinganishe. Na hata akitaka dalali, ampate asiyetoza ada, kwani kazi yake ni nyepesi na udalali wa benki unamtosha.

Njia nzuri kwa mtu mwenye shaka ni kufanya yote mawili. Aende benki yake mwenyewe kwanza, apate maneno yao kwa maandishi, kisha amwendee dalali na kumwuliza, "Je, una kilicho bora kuliko hiki, baada ya kutoa ada yako?" Hapo maneno hayawi mengi.

Jambo la kukumbuka: kuuliza kiwango hakuachi alama mbaya katika daftari la madeni, lakini ombi kamili huacha. Kwa hivyo aulize wengi, ombi lenyewe alipeleke mahali pamoja.

MASWALI YA KUMWULIZA DALALI

Mwanachama akate sehemu hii na kumpelekea kijana wake.

Kwanza: Je, jina lako au la kampuni yako limo katika daftari la Financial Conduct Authority? Daftari hilo liko wazi kwa kila mtu, na kulitazama hakuna malipo. Mikopo ya nyumba Uingereza iliingizwa chini ya usimamizi wa sheria tangu Oktoba 2004, na chombo hicho ndicho kilichoishika kazi hiyo tangu 2013. Asiyekuwamo katika daftari, mazungumzo naye yaishie mlangoni.

Pili: Unatazama soko zima au wakopeshaji wangapi?

Tatu: Utanitoza kiasi gani, lini, na nikikosa mkopo au nyumba ikivunjika nitarudishiwa? Ni kheri ada ilipwe mkopo ukipatikana. Anayetaka fedha nyingi mbele kabla ya kufanya kazi yoyote, aachwe.

Nne: Benki itakulipa kiasi gani kwa mkopo huu?

Tano: Kwa nini umechagua mkopo huu kwangu mimi? Sababu iandikwe.

Sita: Nikitaka kulipa deni mapema au kuuza nyumba kabla ya muda uliofungwa kumalizika, nitatozwa nini?

Dalali mzuri hachukii maswali haya, amezoea. Anayechukia amekwisha jibu.

Na kuna mambo ambayo mkopaji hapaswi kuyafanya hata akishawishiwa vipi. Asitie sahihi fomu iliyo tupu. Asikubali mapato yake yaandikwe zaidi ya yalivyo ili mkopo upite. Kufanya hivyo ni udanganyifu mbele ya sheria, na aliyetia sahihi anaweza kushitakiwa, hata kama kalamu ilikuwa ya dalali. Na zaidi ya sheria, mkopo uliopatikana kwa mapato ya uongo utalipwa kwa mapato ya kweli, na hapo ndipo nyumba hupotea.

Dalali akifanya makosa, kijana ampelekee malalamiko kwa maandishi. Kampuni ina muda wa wiki nane kumjibu. Asiporidhika na jibu, au wiki nane zikipita bila ya jibu, anaweza kulipeleka jambo lake kwa Financial Ombudsman Service, na halipi chochote. Akipata jibu la mwisho la kampuni, asikae zaidi ya miezi sita.

ASIYETAKA RIBA

Wengi katika wanachama wetu watauliza khabari ya riba. Uingereza wako wakopeshaji wanaotoa nyumba kwa njia ya ushirika unaopungua, ambapo mnunuzi na mkopeshaji huinunua nyumba pamoja. Mnunuzi hulipa kodi kwa sehemu isiyo yake, na polepole hununua sehemu hiyo mpaka yote iwe yake. Zamani njia hii ilikuwa na uzito kwa kuwa ushuru wa kununua nyumba ulitozwa mara mbili. Jambo hilo lilianza kurekebishwa katika mwaka 2003, na tangu 2007 mipango hii imewekwa chini ya usimamizi ule ule wa mikopo mingine.

Wanaotoa mipango hii ni wachache, na si kila dalali anawajua. Kijana amwambie dalali tangu siku ya kwanza. Mambo mawili atazame: bei yake ikilinganishwa na mkopo wa kawaida, na masharti yake akishindwa kulipa. Jina zuri halimwondolei mtu kazi ya kusoma mkataba.

FEDHA ZA MZAZI

Hapa ndipo jambo linapomgusa mwanachama mwenyewe. Mzazi akitoa fedha za kutangulizia, wakopeshaji wengi watataka barua ya mzazi kusema kuwa ni zawadi, si mkopo, na kwamba mzazi hatadai sehemu katika nyumba. Pia wakili na mkopeshaji watauliza fedha zimetoka wapi, maana sheria zao za kuzuia fedha chafu ni kali.

Mkulima aliyeuza karafuu kwa njia ya halali hana la kuogopa, lakini aonyeshe. Basi wanachama wahifadhi stakabadhi zote za kituo cha ununuzi, waingize fedha benki, na wazipeleke kwa njia ya benki. Fedha zilizopita kwa mkono wa rafiki wa rafiki zinaweza kufika salama, na bado zikakataliwa kwa kukosa karatasi, na nyumba ikachukuliwa na mwengine. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila khabari.

Tena mzazi afahamu maana ya barua ile. Akisema ni zawadi, basi ni zawadi. Asiandike zawadi huku moyoni anahesabu deni, kwani hapo ugomvi wa nyumbani hauko mbali. Na asitoe fedha za kupalilia na kuchumia msimu ujao. Shamba lililoachwa likaota msitu halirudi kwa nyumba ya London.

WENZETU WALIYOYAPATA

Uingereza si mahali pekee. Huko Marekani, kabla ya mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008, dalali aliweza kulipwa zaidi na mkopeshaji kwa kumpa mkopaji kiwango cha juu kuliko alichostahiki. Kwa maneno mengine, dalali alilipwa kwa kumwumiza mteja wake, na mteja alidhani anasaidiwa. Watu wengi walipoteza nyumba. Sheria ya mwaka 2010 na kanuni zilizoanza Aprili 2011 zilipiga marufuku kumlipa dalali kwa kufuata ukubwa wa kiwango.

Huko Australia tume iliyoongozwa na Kenneth Hayne ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2019, ikashauri kwamba dalali alipwe na mkopaji badala ya mkopeshaji. Serikali haikuufuata ushauri huo wote, lakini tangu 1 Januari 2021 dalali wa mkopo wa nyumba amelazimishwa kwa sheria kutanguliza maslahi ya mteja wake.

Tunajifunza nini? Kwamba dalali hufuata malipo yake kama maji yanavyofuata mteremko. Tusimlaumu kwa hilo, ila tujue mteremko umeelekea wapi.

NA HAPA VISIWANI JE

Faida ya dalali wa mkopo inatokana na wingi wa wakopeshaji. Hapa kwetu mabenki yanayokopesha kwa ajili ya nyumba ni machache, na mtu anaweza kuyazunguka yote katika siku mbili tatu: Benki ya Watu wa Zanzibar, ambayo pia ina dirisha la huduma za Kiislamu, na matawi ya mabenki ya Bara. Kwa hivyo, mwanachama anayeambiwa, "Nipe fedha kidogo nikutafutie mkopo, mimi nawajua wakubwa wa benki," ajue kwamba anauziwa mlango ulio wazi. Aende mwenyewe, aulize karani wa mikopo, achukue masharti kwa maandishi. Kuuliza si ujinga.

Dalali anayemhitaji hapa ni yule anayejua nyumba ipi inauzwa, na huyo ana haki ya udalali wake kwa mapatano yaliyoandikwa. Lakini dalali si shahidi wa hati. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali, na mtu anakuwa na haki ya kuitumia. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aende Kamisheni ya Ardhi ahakikishe nyumba ni ya nani, kama ina rahani, na kama inaweza kuhamishwa. Nyumba za urithi ni jambo la kuangaliwa zaidi. Mrithi mmoja aliyebaki Muscat au Dubai bila ya kutia sahihi anaweza kuvunja mauzo yote.

Na mwanachama mwenye shamba la eka tatu asimwahidi mtu yeyote kuwa ataliweka amana ya mkopo, mpaka kwanza ameuliza kwa maandishi haki yake ni ya namna gani. Vivyo hivyo mwenye mikarafuu ya urithi, asiiweke bila ya ridhaa ya warithi wenziwe.

KWA UFUPI

Mtumie dalali wa mkopo kama wakopeshaji ni wengi, mambo yako si ya kawaida, na kile atakachokuokolea kinazidi kile atakachokutoza. Usimtumie kama mambo yako ni mepesi na unaweza kuuliza mwenyewe, au kama mkopo ni mdogo na ada ni kubwa, au kama hawezi kusema waziwazi nani anamlipa. Kwa hali yoyote, uamuzi uwe wako, hesabu ziwe zako, na usitie sahihi usiku.

Nyumba ni kitu kizuri, na kuwa na dari yako mwenyewe ugenini ni heshima kwa kijana na kwa wazee wake. Twawaombea wote wanaonunua wapate nyumba za kheri. Mwanachama mwenye barua ya benki au ya dalali asiyoifahamu, aje nayo ofisini siku za kazi. Tutaisoma pamoja naye kabla ya kutia sahihi, maana baada ya hapo msaada wetu utakuwa mdogo.